Mti wa Babu na Malipo ya Shule

Kando ya barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, mahali nyika inapokwisha na msitu unapoanza, na iwazwe nyumba moja ya wakulima. Humo anakaa mzee aliyekwisha kuwa babu, pamoja na mwanawe, mke wa mwanawe na watoto watano. Nyuma ya jiko imesimama mikaratusi saba, ambayo mzee aliipanda kwa mkono wake. Chini ya shamba, juu ya chemchemi wanakoteka maji, umesimama mvule mmoja mkubwa. Mvule huo hakuna aliyeupanda. Babu yake mzee aliukuta, akalima pembeni yake, akauacha.

Mwezi wa tisa shule zikafunguliwa. Mtoto wa kwanza alikuwa amemaliza shule ya msingi. Huko wazazi walipata nafuu, kwa maana mwaka 2019 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni bure. Lakini katika sekondari wazazi bado hulipa, na baba huyu hakuwa na fedha. Siku zile zile akapita mnunuzi wa mbao mwenye msumeno wa mashine. Akauzunguka mvule mara mbili, akataja bei. Bei ile ilitosha malipo ya mwaka mzima, tena ingebaki fedha ya mabati.

Jioni mwana akamwendea baba yake.

— Baba, mtoto atarudishwa nyumbani. Mti ule unasimama bure. Nawe mwenyewe hukuupanda.

— Kwa kuwa sikuupanda, mwanangu, ndiyo sababu siwezi kuuuza.

— Basi mjukuu wako abaki mjinga kwa ajili ya mti?

Mzee akanyamaza. Mtoto mwenyewe alikuwa karibu na jiko, akichambua maharagi ya kesho, akasikia yote.

Neno hili si la nyumba moja. Katika Ituri yote, na mbali kupita Ituri, wazazi wawapendao watoto wao hulazimishwa kila mwaka kuchagua hivyo: kumpa mtoto leo, au kumwekea kesho. Na lililo gumu ni kwamba pande zote mbili zataja jina la mtoto.

Wako watakaohukumu upesi. Watasema kwamba mwana ni mpenda fedha, na mzee ni mwenye hekima, kwa sababu katika hadithi wazee huwa na hekima sikuzote. Hiyo si haki. Mwana hakutaka fedha ya pombe; alitaka mtoto wake asome. Wala mzee naye hakulijibu swali la mwisho, maana kunyamaza si kujibu. Yafaa maneno yao yapimwe moja moja.

Mwana alisema: mti unasimama bure. Je, ni kweli? Mvua inyeshayo juu ya ardhi tupu hukimbia mtelemkoni na kuuchukua udongo. Mvua inyeshayo chini ya mti mkubwa, juu ya majani yaliyooza, huzama polepole, na maji hayo ndiyo yatokayo katika chemchemi wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hata Februari, watoto wanapokwenda na vibuyu vyao asubuhi. Mkaratusi hauwezi kushika kazi hiyo. Mti huo mgeni, uliotoka Australia, hukua upesi na una faida nyingi, lakini hunywa maji mengi, na mwenye akili haupandi penye kisima. Mvule nao huhitaji miaka 50 au zaidi kabla haujawa mti wa kupasuliwa mbao. Ukikatwa leo, mtoto yule aliyekaa karibu na jiko atakuwa mzee kabla hajauona mwingine wa namna ile.

Tena mbao zenyewe hazikai kijijini. Mbao ngumu za msitu wa Ituri hupakiwa katika malori na kuvuka mpaka kwenda Uganda, nyingine hufika Kenya. Kila mahali zinapopita bei yake hupanda, na yule aliyeuza mti ukiwa bado umesimama ndiye apataye kidogo kuliko wote.

Basi mti haukusimama bure. Ulikuwa ukifanya kazi ambayo hakuna aliyeilipa, na kazi isiyolipwa huonekana kana kwamba si kazi. Akina mama wa nyumba nyingi wanalijua jambo hili pasipo kufundishwa.

Mwana alisema pia: nawe hukuupanda. Hapo mzee alijibu vema, ijapokuwa kwa maneno machache. Mtu ana uhuru juu ya kitu alichochuma, lakini kitu alichokabidhiwa ni kingine. Babu wa mzee aliuacha mvule usimame, naye hakuuacha kwa ajili ya mjukuu wake peke yake, kwa maana wakati ule mjukuu hakuwa amezaliwa. Aliuacha kwa wote watakaokuja. Mzee ni mmoja tu wao, naye amekwisha kupata fungu lake: kivuli, na maji ya miaka yote. Akiuuza, atakuwa amekula na mafungu ya wengine, ambao hawana kinywa cha kukataa, kwa sababu bado hawajazaliwa.

Kila mkulima anaufahamu mfano wa mbegu. Mahindi yaliyofungwa juu ya moshi wa jiko kwa ajili ya kupandwa mwezi wa tatu hayaguswi, hata chakula kikipungua. Mtoto akilia, mama atakwenda kukopa kwa jirani kabla hajaishusha mbegu. Je, mama huyo hana huruma? Huruma yake inaona mbali kupita usiku mmoja. Anajua kwamba kumlisha mtoto mbegu ni kumfanya ashibe leo kwa njaa yake mwenyewe ya mwezi wa saba.

Kwa hiyo yafaa kushika kanuni hii: haja ya mwaka na ilipwe kwa zao la mwaka. Malipo ya shule ni haja ya mwaka. Yatarudi tena mwaka ujao, na mwaka wa kufuata, na baada ya mtoto wa kwanza wako wanne. Mvule ni mmoja. Baba auzaye mti wa miaka mia kwa deni la miezi kumi hajalimaliza deni; amemaliza mti tu.

Hata hivyo kanuni si jiwe. Kama mtoto angekuwa hospitalini katika hatari ya kufa, na dawa ikakosa kununuliwa, mti na ukatwe siku ile ile, wala mtu asiwe na shaka moyoni. Uhai wa mtoto wapita mti, na Mungu aliyeumba vyote viwili ameviweka hivyo. Kosa hutokea pale haja isiyo ya kufa inapojivika nguo za kifo na kusema: hakuna njia nyingine. Mara nyingi njia nyingine iko, ila ni ndefu, tena yadai kila mtu wa nyumba aache kitu.

Hapo ndipo uwekevu wa kila siku unapoingia, na watoto wanaingia nao.

Makala yauzwayo katika soko la Bunia yametoka katika miti iliyochomwa chini ya udongo. Katika tanuru la kienyeji kilo 100 za kuni kavu hutoa mara nyingi kilo 10 hadi 20 tu za makala; zilizobaki zimekwenda na moshi. Ajuaye hesabu hiyo hatawasha mbabula saa nzima kabla chakula hakijawa tayari kwa kupikwa. Maharagi yaliyolowekwa tangu jioni huiva upesi kuliko maharagi makavu. Sufuria yenye mfuniko huchemka kwa moto mdogo. Makala yasiyokwisha, yakifunikwa na majivu au kuzimwa kwa maji, huwaka tena kesho. Mambo haya ni madogo hata mtu aweza kuona haya kuyaandika. Lakini mwaka una jioni 365, na mama ahesabuye anajua ni magunia mangapi ya makala yaliyosalia katika jioni hizo, na kwamba katika magunia hayo mna sehemu ya malipo ya shule.

Na ni nani alowekaye maharagi? Mtoto. Mtoto wa miaka sita akipewa kazi hiyo kila jioni, hajui kwamba anaokoa miti. Anajua tu kwamba nyumba inamtegemea, na kesho chakula kitachelewa kama yeye alisahau. Baadaye ataelewa sababu. Mzazi aanzaye kwa kumweleza sababu, huku mwenyewe akiacha moto uwake bure, atapata mtoto ajuaye kusema maneno mazuri juu ya msitu.

Hata kitoto kichanga kina nafasi yake. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata kufikia miaka 2 au kupita. Maziwa hayo hayahitaji kopo, wala kuni za kuchemshia maji, wala fedha. Tena hayana uchafu wa kumletea mtoto kuhara. Kitambaa cha kitenge kilichochakaa, kikikatwa na kufuliwa vema, humfaa mtoto kama nepi ya dukani, ambayo hutumika mara moja, kisha hutupwa nyuma ya nyumba na kukaa huko miaka na miaka. Hakuna aibu katika hayo. Mama wa mjini anunuaye kwa sababu hana maji ya kufulia asilaumiwe. Lakini mama mwenye mto karibu, anunuaye kusudi jirani waone, amenunua macho ya jirani.

Vifuko vya plastiki ni jambo jingine. Kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kongo ilikataza kuvitengeneza, kuviingiza, kuviuza na kuvitumia. Hata hivyo bado huonekana, maana amri husomwa ofisini na kifuko hutolewa sokoni. Mtoto atumwaye kununua chumvi na sombe akiwa na kikapu mkononi amekwisha kuitii amri hiyo, hata kama hajaisikia. Zamani samaki wa Kasenyi na Tchomia walifungwa katika majani ya mgomba, na jani likitupwa lilikuwa udongo kabla ya mwezi kwisha.

Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika waraka uitwao Laudato si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba ya wote. Humo alisema habari za haki baina ya vizazi. Lakini pia hakuona haya kutaja kupunguza plastiki na kupika kile tu kitakacholiwa. Wakatekumeni wamekwisha kusikia habari ya mikate mitano na samaki wawili. Wengi hukumbuka watu elfu tano walioshiba. Wachache hukumbuka kwamba baada ya kushiba vipande viliokotwa, vikajaza vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kufanya mikate kutoka kidogo kiasi kile hakuwa na haja ya makombo, naye aliagiza yaokotwe.

Lakini jina la uwekevu hutumiwa na watu wasio nao. Yuko baba anayejisifu kwamba nyumbani kwake hakipotei kitu, naye hupika kwa kiberiti cha jirani na kuwaacha wageni wake waondoke kabla sufuria haijateremshwa. Huyo ni bahili. Bahili na mwekevu hufanana mkononi, maana wote wawili hushika. Tofauti yao iko hapa: bahili huwanyima wengine apate kuweka kwa ajili yake, na mwekevu hujinyima mwenyewe apate kuweka kwa ajili ya wengine. Watoto huijua tofauti hiyo upesi kuliko watu wazima.

Iko tena hila iliyo mbaya zaidi, kwa sababu huonekana kama wema. Nyumba moja haitumii makala kamwe, bali kuni za bure zilizoanguka porini. Majirani huisifu. Ila kuni hizo huletwa na binti wa miaka kumi na miwili, aendaye mbali alfajiri na kufika darasani wenziwe wamekwisha kusoma masaa mawili. Je, kuni hizo ni za bure? Zimelipwa, na aliyezilipa hakuulizwa. Kila mara kitu kinapoitwa rahisi nyumbani, baba yapasa aulize ni nani aliyelipa. Kama ni mtoto mmoja tu, naye ni msichana, huo si uwekevu. Kazi na igawanywe, na kaka yake abebe mzigo pia.

Ndani zaidi ya msitu, upande wa Epulu katika Mambasa, wako Wambuti. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa kwao katika miaka ya 1950, alitoa kitabu juu yao mwaka 1961, akaandika kwamba msitu wao huuita baba na mama. Wakulima wengine huwacheka watu hao, kwa kuwa nyumba zao ni za fito na majani ya mangongo, nao huhama. Lakini maana ya jina hilo yastahili kutazamwa. Kwa wakulima msitu ni mali ya baba. Kwa Wambuti msitu ndiye baba. Mali hugawanywa mwenyewe akifa. Baba hagawanywi. Serikali nayo ilitenga sehemu ya msitu ule mwaka 1992 kwa ajili ya okapi na wanyama wengine, na mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Hata hivyo wachimbaji wa dhahabu wameingia humo, maana mpaka ulioandikwa katika karatasi hauwezi kumfundisha mtu jambo asilofundishwa utotoni.

Liko neno zito kuliko hayo yote, na katika Ituri haifai kulipita kimya. Toka 1999 hata 2003 vita viliwafukuza watu makwao. Tena tangu mwisho wa 2017 maelfu kwa maelfu walikimbia kutoka Djugu, wengi wao wakaingia Bunia na kulala chini ya turubai. Mtu wa namna hiyo akiambiwa apande mti kwa ajili ya wajukuu, ana haki ya kujibu: mimi nisiyejua nitalala wapi Jumapili, nipande nini?

Kwanza, asihukumiwe. Mama akatwaye njia ya kurudi shambani, avunjaye tawi kando ya kambi ili awapikie watoto uji, hakutenda kosa. Wajibu hufuata nguvu, na asiye na nguvu hadaiwi.

Pili, mtoto akikimbia huuacha mti, ila mkono wake huenda naye. Ajuaye kuloweka maharagi, kushona nguo iliyopasuka, kupanda lengalenga katika debe lililotoboka, hayo hayaporwi na mtu mwenye bunduki. Katika kambi mafundisho hayo huwa na thamani kuliko yalivyokuwa nayo nyumbani.

Na tatu ni gumu, moyo hulikataa. Mti ulioachwa utamfaa mtu mwingine. Na labda mtu huyo ni yule yule aliyefukuza. Je, ni upumbavu kumwekea adui kivuli? Katika nchi hii msafiri huona mara nyingi mwembe ukizaa peke yake penye nyasi ndefu, akajua kwamba hapo palikuwa na nyumba. Watoto wapitao huokota maembe. Hakuna awaulizaye kabila lao, wala hawaulizi aliyepanda alikuwa wa kabila gani. Chemchemi iliyo chini ya mvule nayo haina ujuzi wa koo za watu. Mzazi akitaka kuwalea watoto wasiokuwa wepesi wa kuchoma nyumba za wengine, aweza kuanza kwa kuwalea wasiokuwa wepesi wa kukata mti wa watu wasiowajua. Si dawa ya vita. Vita vina sababu nyingine nyingi, na wenye kuvianzisha mara nyingi hawakukosa shule wala mbao.

Basi yule mzee hakunyamaza hata mwisho. Baada ya siku mbili alimwita mwanawe, akamwambia:

— Mvule hapana. Ila swali lako ni la haki, nami sikulijibu. Ile mikaratusi niliipanda mimi. Kata minne.

Mwana akaikata karibu na ardhi, kwa mshazari, ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki na kukiozesha. Hakuichoma makala, aliiuza Bunia kama miti ya kujengea, kwa kuwa bei yake ilikuwa bora. Fedha haikutosha. Mama akaongeza fedha ya maharagi aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kitenge cha Noeli, na baba akaacha kuwaza mabati mwaka ule. Akaenda kwa mkuu wa shule, akaomba alipe kwa mafungu, akakubaliwa.

Visiki vya mikaratusi vikachipuka kabla ya mwezi wa pili kwisha, kila kimoja vichipukizi kumi au zaidi. Mzee akamfundisha mjukuu kuchagua viwili vilivyo na nguvu katika kila kisiki na kuondoa vingine. Jumamosi mtoto alivikata, akavipeleka shambani kuwa vijiti vya kupandishia maharagi. Malipo ya nusu ya pili ya mwaka bado hayajapatikana yote.